Dk. Williamson wa Mwadui: Mchimbaji aliyemgomea mnunuzi mmoja

Na Mchumi wa Kilimo, Namanyere

Mkulima yeyote wa Nkasi anaifahamu adha ya mnunuzi mmoja. Mahindi yamekwisha kupukuchuliwa, mtoto anatakiwa arudi shule, mbolea ya mkopo inadaiwa, na barabarani limesimama lori moja tu. Mwenye lori ndiye anayetaja bei. Ndiye anayeleta gunia la lumbesa, na ndiye anayeamua kama kesho atakuwepo au ataondoka. Hapo hata kama shamba ni lako, jembe ni lako na jasho ni lako, bei si yako.

Leo tunamwangalia mtu aliyekutana na adha ya namna hiyo hiyo, ingawa bidhaa yake haikuwa mahindi bali almasi, na mnunuzi wake hakuwa mwenye lori bali kampuni iliyotawala biashara ya almasi duniani kote. Huyu ni Dk. John Thoburn Williamson, Mkanada aliyegundua mgodi wa Mwadui mwaka 1940 na kufariki dunia mwaka 1958.

Wengi wetu tulimsikia Williamson shuleni kwa sababu ya utajiri wake, na stori huishia hapo. Lakini kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, chenye faida si utajiri wa mtu huyu. Chenye faida ni kujua alivyoweza kumkatalia mnunuzi mwenye nguvu, na kwa nini baada ya kazi yote hiyo mali yake iliishia kwa mnunuzi huyo huyo.

SHAMBA LA NDUGU WAWILI

Ili kumwelewa mnunuzi huyo, inabidi kwanza twende Afrika Kusini, miaka mingi kabla Williamson hajazaliwa.

Mwaka 1867 almasi ilionekana karibu na Mto Orange. Wakati huo Waingereza walikuwa wanatawala Koloni la Cape, na Makaburu, yaani wakulima na wafugaji wenye asili ya Kiholanzi, walikuwa wamehamia bara na kuanzisha jamhuri zao mbili, Orange Free State na Transvaal. Walihama kwa sehemu kubwa kuukimbia utawala wa Waingereza. Kwa Waingereza, nchi hiyo kavu ya malisho haikuwa na cha kugombaniwa sana.

Almasi ilibadilisha hesabu. Mwaka 1871 mawe mengi yalionekana katika shamba la Vooruitzigt, mali ya ndugu wawili Makaburu wa ukoo wa De Beer. Ndugu hao walikuwa wakulima. Wachimbaji walimiminika shambani kama nzige, uzio ukavunjwa, maji yakaisha, na hao ndugu wakaona ni heri wauze waondoke. Waliuza shamba lote kwa pauni 6,300. Mwaka huo huo Waingereza wakalitangaza eneo la almasi kuwa koloni lao, ingawa Orange Free State ilidai ni lake. Baada ya mabishano ya miaka mitano, Uingereza iliilipa Orange Free State pauni 90,000, na almasi zikabaki upande wa Mwingereza.

Katika shamba hilo ilikuja kuchimbwa migodi miwili mikubwa, na mji wa Kimberley ukazaliwa. Mwaka 1888 Mwingereza Cecil Rhodes aliunganisha wachimbaji chini ya kampuni moja aliyoiita De Beers, kwa jina la wale ndugu waliokwisha kuondoka. Mwaka 1889, ili kumaliza kuununua mgodi mmoja tu kati ya ile miwili, kampuni hiyo iliandika hundi ya pauni 5,338,650. Msomaji apige hesabu mwenyewe: shamba lote pauni 6,300, na baada ya miaka 18 kipande chake kimoja zaidi ya pauni milioni 5. Ndugu wale walibakiziwa jina kwenye bango.

Mambo hayakuishia kwenye almasi. Mwaka 1886 dhahabu ilipatikana Transvaal, na ugomvi wa Makaburu na Waingereza ukapamba moto hadi vita ya mwaka 1899 hadi 1902. Jamhuri zote mbili za Makaburu zilianguka. Mashamba yao yalichomwa moto, na maelfu ya wanawake na watoto walikufa katika kambi za kuwafungia raia, wakiwemo Waafrika wengi ambao vita haikuwa yao. Baadhi ya Makaburu walihama kabisa. Wako waliofika hadi kwetu, wakapewa ardhi na Wajerumani kuzunguka Mlima Meru, na wengine baadaye wakavuka kwenda Uasin Gishu nchini Kenya.

Waliobaki na nguvu ni wenye makampuni. Kufikia mwaka 1929 mwenyekiti wa De Beers alikuwa Ernest Oppenheimer, na mfumo wa biashara ulikuwa umeiva. De Beers na washirika wake walinunua karibu almasi zote za dunia, wakaziweka, kisha wakazitoa sokoni kidogo kidogo kupitia London ili bei isishuke. Ni kama mtu mmoja anunue mahindi yote ya Rukwa, Katavi, Songwe na Mbeya, ayafungie ghalani, halafu Dar es Salaam ipelekewe gunia chache kila wiki. Mlaji atalipa anachoambiwa, na mkulima atapokea anachopewa.

Huyo ndiye mnunuzi ambaye Williamson alikuja kukutana naye.

KUTOKA SHERIA HADI MAWE

John Williamson alizaliwa mwaka 1907 katika kijiji cha Montfort, jimbo la Quebec nchini Canada. Alijiunga na Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal akiwa na nia ya kusoma sheria. Likizo moja alijiunga na safari ya wanajiolojia kwenda Labrador, na huko mawe yakamteka. Aliacha sheria, akasomea jiolojia, na mwaka 1933 akapata shahada ya udaktari. Ndiyo maana hadi leo watu wa Shinyanga humtaja kama Dokta Williamson ingawa hakuwa tabibu.

Ulikuwa wakati mbaya wa kutafuta kazi, kwa maana mdororo wa uchumi wa dunia ulikuwa umefunga migodi mingi. Alikuja Afrika akafanya kazi ya utafiti wa madini huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Katikati ya miaka ya 1930 akahamia Tanganyika, kwenye kampuni iliyokuwa inachimba almasi Mabuki, kusini ya Mwanza.

Mabuki haukuwa mgodi wa kutajirisha mtu. Almasi zilikuwepo lakini chache na ndogo, na wenye kampuni walichoka. Walipoamua kufunga, Williamson alizichukua haki za mgodi akaendelea mwenyewe. Watu wenye fedha waliona ametwaa mzoga.

Yeye alikuwa na sababu. Almasi hutoka chini sana ardhini na hupandishwa juu na miamba ya moto kupitia shimo lenye umbo la karoti, ambalo wataalamu huliita bomba la kimbalaiti. Baada ya mamilioni ya miaka, mvua na upepo hula kichwa cha bomba hilo na kutawanya almasi pamoja na chembe za mawe mengine yasiyo na thamani, kama ganeti. Anayejua kuzisoma chembe hizo anaweza kuzifuata nyuma hadi kwenye chanzo, kama mfugaji anavyofuata nyayo za ng'ombe aliyepotea. Williamson aliamini kwamba mahali fulani katika nchi ya Wasukuma liko bomba kubwa ambalo bado halijaonekana.

Kwa miaka kadhaa alizunguka na vibarua wake, wakichimba vishimo, wakichekecha mchanga na kuosha changarawe. Fedha zilimwishia. Malaria ilimwangusha mara kwa mara. Aliyemwokoa hakuwa benki bali wakili wa Mwanza mwenye asili ya India, I. C. Chopra, aliyemkopesha na kumsimamia mambo ya kisheria. Baadaye Chopra alipewa hisa na kuwa mbia wake hadi mwisho.

MWADUI, MACHI 1940

Mwezi Machi mwaka 1940 bomba hilo lilipatikana Mwadui, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga. Masimulizi ya jinsi jiwe la kwanza lilivyookotwa ni mengi na kila mzee ana lake. Lililo wazi ni kwamba halikuwa bahati ya siku moja. Lilikuwa ni zao la miaka ya kufuata chembe za mchanga, na mikono iliyochimba vishimo hivyo ilikuwa ya Watanganyika ambao majina yao hayakuandikwa kwenye hati yoyote ya umiliki.

Bomba la Mwadui lina ukubwa wa hekta 146 juu ya ardhi, karibu eka 360. Migodi iliyoipa Kimberley jina haifikii hapo. Mwaka 1942 kampuni ya Williamson Diamonds ilisajiliwa.

Vita Kuu ya Pili ilikuwa inaendelea na mashine hazikupatikana. Williamson alianza kwa zana za kuunga na vipuri vya mitumba. Kwa upande mwingine vita hiyo hiyo ilimsaidia, kwani viwanda vya silaha vilihitaji almasi za kukatia chuma, na soko likawa wazi. Alichimba, akauza, akarudisha fedha mgodini. Hakuuza hisa kwa watu wa nje ili kupata mtaji wa haraka. Hilo lilimchelewesha, lakini lilimwachia usukani mkononi.

Kufikia miaka ya 1950 Mwadui palikuwa mji kamili ndani ya uzio, wenye nyumba za wafanyakazi, hospitali, shule, umeme, maduka na uwanja wa ndege. Maelfu ya watu waliajiriwa, na almasi ilikuwa miongoni mwa bidhaa kubwa za Tanganyika katika soko la nje pamoja na katani, pamba na kahawa. Williamson mwenyewe alihesabiwa miongoni mwa matajiri wakubwa duniani. Hata hivyo, aliishi Mwadui, hakuoa, na hakupenda waandishi wa habari.

Jiwe lililomtangaza lilipatikana mwaka 1947. Lilikuwa la rangi ya waridi na uzito wa karati 54.5, yaani karibu gramu 11. Williamson hakulipeleka sokoni. Alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipofunga ndoa mwezi Novemba mwaka huo. Lilikatwa London likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 likawekwa katikati ya ua la almasi lililotengenezwa na sonara wa Cartier. Elizabeth, aliyekuja kuwa Malkia, alilivaa kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka 2022. Kibiashara, lilikuwa tangazo ambalo hakuna gazeti lingeweza kumwandikia.

MUUZAJI AGOMA

Sasa tufike kwenye kiini. Mgodi mkubwa namna ile nje ya mikono ya De Beers ulikuwa tishio. Ikiwa Williamson angeamua kumwaga almasi zake sokoni kwa bei yake, mpango mzima wa London wa kutoa kidogo kidogo ungevurugika. De Beers walitaka kuununua mgodi. Williamson akakataa kuuza.

Wakabaki na njia ya pili, ya kumfanya auze almasi zake kupitia kwao. Hapa Williamson alilegeza, kwa sababu soko la London ndilo lililokuwa na wanunuzi, na Serikali ya kikoloni pia ilipendelea utaratibu huo. Aliingia mkataba. Lakini mkataba wa mnunuzi mmoja una mambo mawili yanayouma. La kwanza ni nani anapanga daraja na bei ya jiwe. La pili ni mgao, yaani kila mchimbaji anaruhusiwa kuleta kiasi gani. Mkulima aliyewahi kupanga foleni kwenye kituo cha ununuzi akaambiwa mahindi yake ni machafu, au kwamba kiwango cha ununuzi kimejaa, anaelewa bila kufafanuliwa.

Williamson hakuridhika na bei wala mgao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alifanya jambo ambalo Oppenheimer hakulizoea: alisimamisha kupeleka almasi London. Mgodi haukusimama. Alichimba, akaosha, akapanga, akafungia ndani.

Ugomvi ukawa wa pande tatu. De Beers walihofia rundo lile la almasi lililokuwa linakua Mwadui siku hadi siku. Serikali ya Uingereza, iliyotoka vitani na madeni, ilikuwa na njaa ya dola za Marekani, na almasi ni moja ya bidhaa zilizoleta dola. Williamson naye alikaa kimya kwake Mwadui, huku wakili wake Chopra akishughulika na mikataba.

Hatimaye pande zote zilikaa mezani, yakapatikana makubaliano mapya, na almasi zikaanza tena kusafiri. Tusidanganyane kwamba alimshinda mnunuzi moja kwa moja. Almasi zake ziliendelea kupita mlango ule ule wa London. Tofauti ni kwamba sasa aliupita kama mtu aliyejadiliana naye, si kama mtu aliyepangiwa.

Aliweza kwa sababu nne. Moja, bidhaa yake haiozi: almasi haina fukusi wala dumuzi, na baada ya miaka miwili ghalani ni ile ile. Pili, alikuwa na akiba iliyomwezesha kulipa mishahara wakati hauzi. Tatu, alikuwa na mtu anayesoma mkataba kabla ya kalamu kugusa karatasi. Nne, mali yake ilikuwa nyingi kiasi kwamba mnunuzi aliumia kuikosa. Ukiondoa hata moja kati ya hizo nne, mgomo ungekufa mapema.

PALE ALIPOKWAMA

Mwanzoni mwa mwaka 1958, Williamson alifariki dunia kwa saratani ya koo akiwa na umri wa miaka 50. Ernest Oppenheimer alikuwa ametangulia kwa wiki chache tu, mwezi Novemba mwaka 1957, akimwachia uongozi mwanawe Harry aliyekwisha kuandaliwa kwa miaka mingi.

Tofauti kati ya vifo hivyo viwili ni somo kubwa kuliko almasi zote. Kampuni moja ilikuwa na mrithi anayejua kazi. Nyingine ilikuwa na mtu mmoja tu aliyebeba kila kitu kichwani. Mali ya Williamson iliangukia kwa ndugu zake, akiwemo kaka yake Percy, na pamoja na mali ukaja mzigo wa kodi ya mirathi. Mwaka huo huo wa 1958 mgodi uliuzwa, nusu kwa De Beers na nusu kwa Serikali ya Tanganyika. Mnunuzi aliyezuiliwa mlangoni kwa zaidi ya miaka kumi aliingia ndani bila ugomvi, miezi michache tu baada ya mwenye nyumba kufa.

Tuwe wakweli pia kuhusu watu wa Mwadui wenyewe. Kwa sheria za kikoloni, madini yalikuwa mali ya Serikali, na mwenye leseni ndiye aliyekuwa na haki ya kuyatoa. Msukuma aliyekuwa analima na kuchunga juu ya bomba lile hakuwa na nafasi yoyote kwenye meza ya bei. Alichopata ni ajira, tena ya ngazi ya chini, kwa maana kama ilivyokuwa kwenye migodi mingine ya enzi hizo, kazi nyingi za juu zilikuwa za wageni. Williamson aliyegoma kupangiwa bei na mnunuzi mmoja, yeye mwenyewe alikuwa mwajiri mkubwa asiye na mshindani katika eneo lake, na bei ya jasho aliipanga yeye.

Tangu hapo Mwadui umebadilisha mikono mara nyingi. Kadiri shimo lilivyozidi kwenda chini almasi zilipungua, na Serikali ilishika usukani kwa miaka kadhaa. Mwaka 1994 De Beers walirudi na asilimia 75 ya hisa, na mwaka 2009 wakaziuza kwa kampuni ya Petra Diamonds. Mwezi Novemba mwaka 2022 kingo za bwawa la tope la mgodi zilipasuka, tope likafunika mashamba na nyumba za majirani. Zaidi ya miaka 80 baada ya jiwe la kwanza, gharama ya mgodi bado ilikuwa inamfikia mkulima wa jirani.

SISI WA RUKWA TUNACHUKUA NINI

Huenda msomaji atasema almasi za Shinyanga zinamhusu nini mtu wa Namanyere. Zinamhusu kwa njia mbili.

Kwanza, sisi pia tumekalia madini. Makaa ya mawe ya Namwele na Mkomolo yanajulikana siku nyingi. Ng'ambo ya Ziwa Rukwa, dhahabu ya Lupa ilianza kuchimbwa miaka ya 1920. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba bonde letu la Rukwa lina gesi ya heliamu. Ndugu wa De Beer waliuza wakiwa wamechoka, wamezungukwa na wageni, bila kujua walichokalia. Mtu wa leo ana kinga kidogo kuliko wao. Madini bado ni mali ya umma chini ya usimamizi wa Serikali, lakini Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inamtaka mwenye leseni amfidie mtumiaji wa ardhi kwa uharibifu wa mazao na majengo, na leseni ndogo ya uchimbaji hupewa Mtanzania tu. Ardhi ya kijiji nayo ina sheria yake, Namba 5 ya mwaka 1999, na mkutano mkuu wa kijiji una sauti ndani yake. Mgeni akija na ramani na gari zuri, kwanza aonyeshe leseni, na mazungumzo yafanyike mbele ya mkutano, si nyuma ya nyumba ya mtu mmoja. Mkulima mwenye hati ya kimila na kumbukumbu za mazao yake ana cha kuonyesha siku ya tathmini. Asiye nayo atakadiriwa kwa macho.

Pili, na hili ndilo la kila msimu, tuna mahindi, maharage, alizeti na ulezi, na wenzetu wa Kirando wana dagaa. Chukua zile sababu nne za Williamson uzipime kwenye shamba lako.

Mahindi, tofauti na almasi, yana adui. Kwa hiyo kugoma kuuza bila kuyakausha vizuri na kuyahifadhi ipasavyo ni kumlisha dumuzi. Anayetaka kusubiri bei aanze na kukausha, kisha mifuko isiyopitisha hewa au kihenge bora, ndipo aseme anasubiri.

Akiba ndiyo inayompa mtu uwezo wa kusema hapana. Mwenye deni linalodai wiki ya mavuno hawezi kugoma hata akiwa na ghala la zege. Tuseme kaya ina gunia 40 na mahitaji ya haraka yanamalizwa na gunia 12. Auze hizo 12, afunge 28. Kinachotuumiza wengi ni kuuza zote 40 kwa bei ya Julai kwa sababu ya shida ya gunia 12.

Mkataba usomwe. Kilimo cha mkopo wa pembejeo kina faida zake, lakini mtu ajue ameahidi kumuuzia nani, kwa kipimo gani, na bei itapangwa lini. Kilo ni kilo. Lumbesa si kipimo.

Wingi nao ni nguvu. Mwenye gunia 10 akigoma, mwenye lori hatahisi. Wenye gunia 10 wakiwa 200 na mali yao ikiwa kwenye ghala moja, hizo ni gunia 2,000, na mwenye lori atapiga simu. Ndiyo maana ya chama cha msingi cha ushirika, na ndiyo sababu mwaka 2005 ilitungwa sheria ya stakabadhi ghalani, ili mkulima aweke mazao, apate karatasi inayotambulika, na asubiri mnada au ashindanishe wanunuzi. Vyama vingi vilituangusha kwa wizi na usimamizi mbovu, hilo hakuna asiyelijua. Dawa yake ni wanachama kudai daftari lisomwe mbele ya mkutano, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Kurudi kila mtu kwake na gunia zake kumi kunampendeza mwenye lori peke yake.

Limebaki la mwisho, ambalo Williamson hakulifanya. Biashara nyingi hapa Namanyere, ziwe mashine ya kukoboa, duka la pembejeo au boti ya dagaa, zimo kichwani mwa mtu mmoja. Yeye ndiye anayejua nani anadaiwa, mzigo uko wapi na bei ya jumla ni kiasi gani. Siku akizimika, wajane na watoto huuza kwa wa kwanza kufika, na mara nyingi wa kwanza kufika ni yule yule aliyekuwa mshindani wake. Kuandika wosia hakumwiti mtu kifo. Kumfundisha mtoto au mke hesabu za duka hakupunguzi heshima ya mwenye duka.

Kabla ya msimu huu kufungwa, basi, kila mwenye mali akae na watu wa nyumbani kwake ahesabu mambo matatu: gunia ngapi zitauzwa sasa, ngapi zitasubiri, na nani mwingine ndani ya nyumba anajua daftari lilipo.